Utii wa Mnakili

Waswahili hatumwonei huruma mwigaji: usiige kunya kwa tembo, utapasuka msamba. Lakini wachoraji wa Ulaya walijifunza kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta kwa kunakili kazi za waliowatangulia, na hawakuona haya. Je, walipata nini zaidi ya ustadi wa kuazima?

Kati ya 1514 na 1515 mchoraji Raphael alimchora rafiki yake Baldassare Castiglione, mwandishi na mwanadiplomasia. Leo picha hiyo iko Louvre, Paris. Mpita njia huona mtu mwenye ndevu, kavaa nyeusi na kijivu, basi. Anayeinakili hana raha hiyo. Kile kijivu kinamgeukia kuwa vijivu vingi: hiki kina ubuluu, kile kina ukahawia, na akikosea kimoja, shavu lililo jirani nacho linapauka. Jicho hupita bila kuulizwa kitu. Mkono hulazimika kuamua. Zaidi ya hayo, rangi za mafuta hukauka taratibu na huwekwa tabaka juu ya tabaka, lenye mafuta machache likitangulia, na tabaka la mwisho huficha yaliyo chini. Kumbe anachokifuata mnakili ni maamuzi ya Raphael. Uso wa Castiglione ni ushahidi tu kwamba yalifanyika.

Mchoraji Rubens alitii, akainakili picha hiyo yote kwa rangi. Nakala yake iko katika jumba la sanaa la Courtauld, London. Mchoraji mwenzake Rembrandt aliiona picha yenyewe ya Raphael ikipigwa mnada Amsterdam mwaka 1639, akaichora chapuchapu kwa kalamu, akaandika na bei, gilda 3,500, kisha mwaka 1640 akajichora mwenyewe katika mkao unaofanana na ule. Wapenda uhuru humsifu Rembrandt kuliko Rubens. Mimi nasita. Rembrandt alikuwa na miaka 32 na tayari bingwa. Kalamu yake iliweza kuchagua. Anayeanza hana cha kuchagulia, na akidai uhuru ule kabla ya utii, huyo ndiye hasa anayemwiga tembo.

Wala utii haufuti nafsi. Wape wanakili wawili waaminifu picha moja, nakala zao zitatofautiana, na hakuna aliyekusudia.

Ila Castiglione wa turubai hachoki, hageuzi shingo, na mwanga wake ulikwisha kuamuliwa na mwingine. Kwa hiyo nakili picha moja mpaka mwisho, kisha mwombe mtu aliye hai akukalie umchore.