Amri ya Saba na Deni la Benki

Mkatekumeni anapofundishwa amri ya saba, huwaza kwanza juu ya mwivi avunjaye mlango usiku, au mtu akataye ndizi katika shamba la jirani. Wizi wa namna hiyo waonekana kwa macho. Lakini amri hiyo yafika mbali zaidi. Yahusu pia mizani ya mwenye duka, mshahara wa kibarua, na faida anayoidai mkopeshaji. Hapo mkono hauvunji mlango, bali waandika tu katika daftari. Kwa hiyo ni vigumu zaidi kujua haki inakoma wapi na udhalimu unaanza wapi.

Jambo lililotokea katika nchi ya Uingereza lafaa kufikiriwa na kila anayejifunza amri hiyo. Huko swali la haki ya mkopeshaji lilipelekwa hata mbele ya mahakama kubwa kupita zote, na bado dhamiri haikupata jibu lake.

1. Deni hilo ni nini?

Benki hutunza feza za watu. Mtu aweka feza yake, kisha aitoa kidogo kidogo kwa mahitaji yake. Siku akitoa zaidi ya alivyoweka, benki yaweza kuziba pengo kwa feza yake yenyewe. Hapo mtu amepita akiba yake, naye ni mdaiwa wa benki. Deni hilo huitwa ovadrafti.

Mwanzo wake ulikuwa msaada. Mwaka 1728, katika mji wa Edinburgh, benki iitwayo Royal Bank of Scotland ilimruhusu mfanyabiashara William Hogg kutoa pauni 1,000 zaidi ya feza aliyokuwa nayo. Mfanyabiashara hulipa leo, na wateja wake humlipa kesho. Benki ilimvusha katika kipindi hicho kama mtumbwi uvushao mtu mtoni. Hakuna ubaya katika kazi hiyo, na mwenye mtumbwi astahili ujira wake.

2. Malipo yalivyomwangukia maskini

Miaka mingi baadaye, desturi nyingine ilienea katika mabenki ya Uingereza. Aliyepita akiba yake bila kupatana kwanza na benki alitozwa kiasi kimoja tu, kikubwa, hata kama upungufu wake ulikuwa mdogo. Malipo hayo yaliweza kufika pauni 35 kwa mara moja.

Uchukuliwe mfano wa mama mwenye watoto. Katika akiba yake zimebaki pauni 10, na mshahara utafika baada ya siku saba. Siku hiyo benki yalipa kwa niaba yake pauni 22 za umeme. Mama ametumia pauni 12 za benki. Benki yamwandikia malipo ya pauni 35. Alikopa 12, sasa anadaiwa 47. Mshahara ufikapo, deni laukata kwanza. Kisha yaja kodi ya nyumba, na feza haitoshi tena, kwa sababu zile pauni 35 hazimo. Mama apita akiba mara ya pili, naye atozwa mara ya pili. Hivyo kosa la kwanza limezaa adhabu, na adhabu imezaa kosa la pili.

3. Maneno ya wenye benki

Haki yataka pande zote mbili zisikilizwe. Wenye benki walisema: mteja alikubali masharti siku alipofungua hesabu yake, tena kukopesha kuna kazi na hatari, tena malipo yawafundisha watu uangalifu, tena watu wengi hutunziwa feza zao bure, na benki haina budi kupata mahali fulani feza ya kuendesha kazi.

Maneno hayo si ya upuuzi. Lakini yapimwe moja moja. Ni kweli kwamba ahadi hufunga. Lakini mwenye njaa hana nguvu ya kupatana bei. Ni kweli kwamba kazi ina ujira. Lakini ujira hufuata kazi, na pauni 35 zilikuwa zile zile kwa upungufu wa pauni 2 na wa pauni 200. Ni kweli kwamba adhabu humrudi mzembe; lakini haiwezi kumfundisha kuweka akiba mtu asiye na kitu cha kuweka.

Neno la nne lina uzito zaidi, nalo ndilo linaloyashtaki mabenki yenyewe. Wakubwa wa serikali wanaosimamia mambo ya feza, katika ofisi iitwayo Financial Conduct Authority, walichunguza hesabu za mwaka 2016. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya malipo ya kupita akiba bila mapatano yalitoka kwa wateja 3 tu katika kila 200. Waliona pia kwamba wakaaji wa mitaa ya kimaskini ndio waliopatwa zaidi. Basi ile huduma ya bure haikuwa ya bure. Iligharimiwa kwa sehemu na watu wachache, nao ni wale wenye mabega dhaifu.

4. Hukumu ya mahakama na hukumu ya dhamiri

Mwaka 2007 ofisi ya serikali iliyolinda haki za wanunuzi iliyashtaki mabenki 7 na chama kimoja cha akiba na mikopo ya nyumba. Kesi ilipanda hata Mahakama Kuu ya juu kabisa, nayo ilitoa hukumu tarehe 25 Novemba 2009. Mabenki yalishinda. Mahakama ilisema malipo hayo ni sehemu ya bei ya huduma nzima ya benki, na sheria ya wakati ule haikuipa ofisi ile ruhusa ya kupima kama bei hiyo yalingana na huduma iliyotolewa.

Hapa pana fundisho kubwa. Waamuzi wenyewe walieleza kwamba hawakuitwa kuamua kama desturi ile ni ya haki au si ya haki. Waliamua tu mpaka wa sheria. Watu wengi hukosea hapo. Husikia kwamba jambo halikukatazwa, na mara husema kwamba jambo ni jema. Sheria ya serikali ni kama ua wa shamba: huonyesha mahali pa kutopita, lakini haimwambii mkulima apande nini ndani yake.

Baadaye sheria yenyewe iligeuka. Tangu tarehe 6 Aprili 2020 mabenki ya Uingereza yamekatazwa kutoza kiasi kimoja kwa kila kosa. Sharti watoze riba ya mwaka, nayo hufuata ukubwa wa deni na wingi wa siku. Asiyepatana na benki hawezi kutozwa riba kubwa kuliko aliyepatana. Mabenki mengi yaliweka riba karibu ya 40 kwa 100. Kwa kipimo hicho, yule mama aliyekopa pauni 12 kwa siku saba angedaiwa karibu peni 9, na peni 100 ni pauni moja. Peni 9 mahali pa pauni 35! Sehemu kubwa ya malipo ya zamani haikuwa bei ya mkopo. Ilikuwa bei ya udhaifu wake.

Hata hivyo vita havikwisha. Riba ya 40 kwa 100 ni mzigo mzito kwa mtu asiyeweza kutoka katika deni. Mwenye deni la pauni 1,000 mwaka mzima atadaiwa karibu pauni 400 juu yake.

5. Kipimo cha haki

Swali hili ni la zamani kuliko mabenki. Torati ya Musa ilikataza kumtoza maskini riba, na iliamuru kwamba vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe kabla ya jua kutua, kwa maana ndilo blanketi lake. Mwaka 1462, katika mji wa Perugia nchi ya Italia, Wafransisko walianzisha nyumba ya kuwakopesha maskini. Nyumba za namna hiyo zilienea, na baadhi yake ziliomba nyongeza ndogo. Watu walibishana: je, nyongeza hiyo ni riba iliyokatazwa? Mwaka 1515 Papa Leo X, pamoja na Mtaguso wa Laterano, alijibu kwamba nyongeza ya kiasi ni halali, ikiwa ni ya kulipia watumishi na gharama za nyumba, bila kutafuta faida.

Benki haikuanzishwa kama nyumba ya maskini, nayo yaweza kupata faida iliyo halali. Lakini kipimo kile chasaidia hata leo. Malipo yanayofuata kazi, gharama na hatari ya mkopo ni ujira. Malipo yanayoongezeka kwa sababu mdaiwa hana pa kukimbilia ni unyang'anyi, hata yakiandikwa kwa mwandiko mzuri.

Mdaiwa naye ana wajibu wake. Arudishe alichokopa. Asikope kwa pombe na anasa. Asiseme uongo. Akiona shida inakuja, aende mapema kwa mkopeshaji, asijifiche. Huruma kwa maskini haifuti deni la haki.

Wala msomaji asidhani kwamba dhambi hiyo yakaa Ulaya tu. Anayemkopesha jirani gunia moja la mahindi wakati wa njaa, ili alipwe mawili wakati wa mavuno, ajiulize: gunia la pili ni ujira wa kazi gani?

Maswali ya kukumbuka

Je, mkopeshaji aweza kudai nyongeza? Aweza, ikiwa yalingana na kazi, gharama na hatari yake.

Je, ruhusa ya sheria yatosha kuituliza dhamiri? Haitoshi. Sheria yaweza kunyamaza mahali ambapo haki inalia.

Je, udhalimu wa mkopo watambulikanaje? Kwa kutazama ni nani anayelipa zaidi. Ikiwa aliye dhaifu ndiye anayelipa zaidi kwa sababu ya udhaifu wake, mizani si ya kweli.