JUMATANO: Kiunzi cha Kwanza

Soma 1 Wakorintho 9:24–27 na 10:12. Kwa nini Paulo, aliyewahubiri wengine, bado alijichunga asije yeye mwenyewe akakataliwa?

Tarehe 10 Februari 2008, huko Karlsruhe, Ujerumani, Susanna Kallur wa Sweden alikimbia mbio za ndani za kuruka viunzi, meta 60, kwa sekunde 7.68. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuzikimbia kwa kasi hiyo, na rekodi yake ilidumu miaka 16. Tayari alikuwa bingwa wa Ulaya wa meta 100 kuruka viunzi, taji alilolitwaa mwaka 2006 katika nchi yake mwenyewe, mjini Gothenburg. Agosti ya mwaka uleule wa rekodi, alisimama kwenye nusu fainali ya Olimpiki, Beijing. Mbele yake vilikuwepo viunzi kumi. Aligonga cha kwanza, akaanguka, na mbio zake zikaishia hapo.

Kuanguka kwake hakukuwa dhambi; mkimbiaji yeyote aweza kujikwaa. Lakini kunatusaidia kumwelewa Paulo. Rekodi ya Februari haikuweza kuuinua mguu mwezi wa Agosti. Vivyo hivyo, ubatizo wa miaka ishirini iliyopita, cheo cha mzee wa kanisa, au maombi ya juma lililopita hayawezi kutuvusha katika jaribu la asubuhi ya leo. Neema hupokelewa kila siku, kama mana.

Soma Luka 22:31–34, 54–62. Yesu alifanya nini kwa ajili ya Petro kabla hajaanguka?

Hapa ndipo mbio zetu zinapotofautiana na za uwanjani. Kule, aliyeanguka hungoja miaka minne, na huenda asiipate nafasi tena. Petro aliahidi kufa pamoja na Bwana wake, kisha usiku uleule akashindwa mbele ya kijakazi. Hata hivyo, Yesu alikuwa amekwisha kumwombea, tena alikuwa amempa kazi ya kufanya atakaporejea: kuwaimarisha ndugu zake. Maombezi yalitangulia anguko.

Huenda unalisoma somo hili nyumbani kwa sababu unaona aibu kurudi kanisani, mahali ambapo kila mtu anajua ulipojikwaa. Kuhani wetu Mkuu yu hai, naye anakuombea wewe (Ebr. 7:25). Inuka leo.

Je, ni nani katika darasa lenu ambaye kiti chake ki wazi kwa sababu alianguka? Mtafanya nini juma hili ili ajue kwamba bado anangojewa?