Rafu Isiyotimia na Deni Lisilo na Mdaiwa

Wahenga wa Ugiriki walituachia swali la jahazi la Theseus: likibadilishwa ubao mmoja baada ya mwingine hata usisalie hata mmoja wa awali, je, ni jahazi lile lile? Biashara ya vinyago vya mashujaa, vile vidogo vyenye viungo vinavyokunjika, imelipindua swali hilo. Humo mbao hazijaguswa. Aliyeondoka ni fundi, na ameondoka jahazi likiwa bado halijamalizika kuundwa.

Mwaka 2002 kampuni ya Toy Biz ya Marekani ilianza kuuza mashujaa wa Marvel katika mfululizo ulioitwa Marvel Legends, vinyago vya urefu wa takriban inchi sita. Mwaka 2007 leseni ilihamia Hasbro. Jina la mfululizo lilibaki na mashujaa walikuwa wale wale, lakini mkono uliowachonga ulikuwa mwingine, na wakusanyaji wengi wakalalamika. Upande wa DC, Mattel ilishika leseni kwa miaka mingi; kuanzia 2020 vinyago vilivyolengwa wakusanyaji vikawa vya McFarlane Toys, iliyovitengeneza kwa kipimo cha inchi saba. Batman mpya aliposimamishwa kando ya Superman wa zamani, alimzidi kwa takriban kichwa kizima. Kisha mwaka 2025 ikatangazwa kwamba Mattel itarudishiwa leseni ya DC kuanzia 2026.

Swali la kimaadili ni hili: mkusanyaji ambaye rafu yake imekatizwa hivyo amedhulumiwa, au amehuzunika tu? Tofauti hiyo ni kubwa. Huzuni hutaka faraja. Dhuluma hudai haki.

Wapo wanaocheka tu, wakisema mtu mzima hana haja ya kulilia vitu vya watoto. Adam Smith hakucheka. Katika kitabu chake cha 1759 juu ya hisia za kimaadili, alibainisha kwamba mtu huja kukipenda kikopo chake cha ugoro au bakora aliyoizoea, na kikipotea huumia kuliko thamani yake. Kwa hiyo mapenzi kwa vitu ni sehemu ya ubinadamu wetu. Hata hivyo, hoja ya Smith inathibitisha huzuni peke yake. Bakora yangu ikivunjika yenyewe, hakuna aliyenikosea.

Ili tufike kwenye dhuluma yatupasa tutazame kilichouzwa. Mwaka 2005 Toy Biz iliweka ndani ya kila kisanduku cha toleo moja la Marvel Legends kiungo kimoja cha jitu Galactus: huku mkono, kule mguu. Aliyetaka jitu zima alilazimika kununua hata wahusika asiowapenda. Utaratibu huo ukaenea, na unafichua siri ya biashara yote. Mnunuzi huuziwa kinyago pamoja na pengo lililo kando yake. Anayenunua mashujaa wanne wa kikosi cha saba amelipia pia matumaini ya watatu waliobaki, na muuzaji anajua hivyo, kwani ndiyo sababu ya kuwatoa kidogo kidogo.

Mwanafalsafa T. M. Scanlon, katika kitabu chake cha 1998, anashikilia kwamba mtu anaweza kuwajibika hata pasipo kutamka ahadi: ukimfanya mwenzio atarajie jambo, akatumia mali yake kwa kulitarajia, huna ruhusa ya kumwacha apate hasara bila kuchukua hatua ya kumwepusha. Kwa kipimo hicho, malalamiko ya mkusanyaji yana msingi.

Atajibu mtu kwamba kila mkusanyaji anajua leseni zina mwisho. Ni kweli. Lakini kila mpangaji pia anajua kwamba nyumba si yake, na ujuzi huo haumpi mwenye nyumba ruhusa ya kumtoa usiku bila notisi.

Ahadi ni deni, nasi tumezoea kwamba kila deni lina mdaiwa. Hapa mdaiwa haonekani. Kampuni ya zamani iliyoamsha matarajio hairuhusiwi tena kuyatimiza. Kampuni mpya inaweza kuyatimiza, ila haikumwahidi mtu lolote. Mwenye mali, yaani mmiliki wa majina na sura za mashujaa, hakuzungumza na mnunuzi. Alizungumza na makampuni. Leseni imeitenganisha sauti iliyoahidi na mkono unaoweza kutimiza, na katikati ya vipande hivyo wajibu umedondoka.

Naona wajibu huo umwangukie yule ambaye hakuondoka. Mafundi huja na kwenda, ila mwenye majina huchuma kabla na baada ya kila uhamisho, na ndiye pekee anayeweza kuandika katika mkataba mpya kwamba kikosi kilichoanzwa kimalizwe, kipimo kihifadhiwe, na wanunuzi waarifiwe mapema. Madai hayo ni madogo. Hakuna anayedai mfululizo udumu milele.

Mkusanyaji naye ana lake la kujibu. Hasira yake mara nyingi humshukia fundi mpya, ambaye kosa lake ni kufika tu. Isitoshe, sehemu ya utimilifu anaoulilia aliubuni mwenyewe: hakuna kampuni iliyomwambia kwamba rafu yenye vimo viwili si rafu. Hilo adai nafsi yake. Lakini kikosi alichouziwa nusu kwa makusudi, huku akionyeshwa nusu ya pili kwa mbali, hicho ana haki ya kukidai, na aliyekichuma anastahili kuulizwa.