Amekosa Nini?

Nilikuwa na miaka 9. Tulipanga chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na tarehe ya kodi ilikuwa imepita. Mama akanituma kwa mwenye nyumba: "Msalimie, halafu mwambie mama anasema mwezi huu amekosa." Nikafikisha kama nilivyotumwa. Mzee akaniangalia kutoka barazani. "Amekosa nini?" Sikuwa na jibu. Nilirudi mbio, nina hakika mama kafanya kosa kubwa na mimi ndiye niliyemshitaki.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu wa isimu alitueleza asili ya neno want. Maneno yakihama hubadilika (Kariakoo yenyewe ni Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza). Want lilitoka kwa watu wa Skandinavia, na maana yake ilikuwa kupungukiwa. Waingereza walilitumia hivyo karne nyingi kabla halijawa kutaka. Kumbe wenzetu, kupungukiwa kumezaa kutamani. Mimi nikamkumbuka yule mzee.

Kwetu kitenzi ni kilekile: amekosa hela, amekosa adabu. Ondoa hela, libaki "amekosa" peke yake, na mtu anaweza kugeuka mwenye hatia. Mkosaji ni aliyetenda kosa. Asiye na kitu haitwi hivyo, ingawa hatuko mbali sana kumwona hivyo. Nisizidishe. Anayesema "nimekosa basi" pale Msimbazi hatubu dhambi yoyote. Lakini tangu nimalize chuo, shangazi akiniuliza kama nimepata kazi, najibu "nimekosa" huku nimeinamisha kichwa, kama niko kizimbani. Sijaiba. Nimetuma barua za maombi tu.

Wauza duka wa Mtaa wa Kongo nawahusudu. Umuulize kitu ambacho hana, mara nyingi hakuambii hana. "Subiri kidogo, dada," kisha anachomoka kwenda duka la jirani kukitafuta.

Mwezi uliofuata kodi ilichelewa tena. Safari hii mama alifikiri kidogo kabla ya kunituma. "Mwambie hela haijapatikana."

Mzee alikuwa palepale barazani. Nikasema.

"Itapatikana lini?"

Hilo nilikuwa na jibu lake. Ijumaa.