Kuchafuka kwa Moyo Njiani Kwenda Tunduma

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo mawili ambayo watu wa visiwani wanayajua vyema. Bahari huchafuka, na moyo wa aliye juu yake nao huchafuka. Kigegezi hutajwa kana kwamba ni wimbi lililotoka majini likaingia kifuani. Lakini ndani ya kitenzi hicho umo pia uchafu, na hapo ndipo kadhia inapoanzia, kwani aliyechafukwa na moyo mbele za watu huona haya kama aliyetenda jambo la aibu. Je, mtu ana lawama kwa jambo ambalo mwili wake umelitenda bila ya idhini yake? Na kama hana, wajibu juu ya mateso yake ni wa nani?

Inafaa swali hili lipelekwe mbali na bahari, mahali ambapo hapana wimbi la kusingiziwa. Tunduma, mji wa mpakani katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, uko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Abiria aendaye huko kwa basi hupanda kona za Kitonga mkoani Iringa, ambako barabara hujikunja ukingoni mwa mlima. Hupita Makambako na Mbeya, huteremka Mbalizi, huuvuka mlima Senjele, kisha Mlowo na Vwawa. Akiwa ni mtu wa Ileje, safari yake haijesha: hushika njia ya Isongole inayochepuka mahali paitwapo Mpemba, jina ambalo msomaji wa visiwani hatakosa kulitabasamia. Katika njia yote hiyo hapana tone la maji ya chumvi, ilhali wamo watu ambao hali zao hazipishani na za abiria wa mkondo wa Nungwi siku ya kusi.

Kila msafiri wa njia hiyo anazijua dalili zake. Kwanza huja miayo, kisha mate hujaa kinywani, uso hupauka, jasho jembamba hutoka. Mwenye kujihami hunusa ndimu au hutafuna tangawizi; mwingine amemeza kidonge tangu alfajiri, naye husinzia njia nzima. Wengi hawana kinga ila mfuko. Mtu anapouomba mfuko huo kwa konda, aghalabu husikika kicheko viti vya nyuma: huyo hajazoea gari, huyo ametoka shamba. Mama aliye na mtoto mgongoni na ugonjwa tumboni huongezewa mzigo wa tatu, nao ni fedheha.

Kicheko hicho hakina msingi. Ndani kabisa ya sikio la mwanadamu mna mifereji mitatu midogo iliyojaa majimaji, ambayo kazi yake ni kuuarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka. Abiria aliyekaa garini huona kwa macho kiti cha mbele kilichotulia. Sikio nalo huapa kwamba mwili mzima unazunguka. Mashahidi wawili waaminifu wanapopingana, ubongo hutaharuki. Mwaka 1977 mtaalamu Michel Treisman alitoa rai kwamba mwili huichukulia tofauti hiyo kuwa ni dalili ya sumu, na ndiyo maana hulikimbilia tumbo kulitapisha. Rai hiyo iwe sahihi au isiwe, jambo moja limethibiti: asiye na mifereji izima haugui. William James aliyachunguza hayo kwa viziwi mwaka 1882. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea, wanamaji wa Marekani waliwafanyia majaribio viziwi 11 wa Chuo cha Gallaudet. Bahari ilipochafuka karibu na Nova Scotia, hao walistarehe na wachunguzi wao wakalala hoi. Basi anayetapika Kitonga ameonyesha kwamba sikio lake ni zima na linasema kweli. Hata Horatio Nelson, amiri mkuu wa Uingereza aliyeuawa Trafalgar mwaka 1805, hakuwahi kuponywa na mazoea. Dhoruba ilipovuma aliugua. Ushamba haukuhusika.

Hata hivyo katika kila basi yumo mtu mmoja mwenye masikio mazima ambaye karibu kamwe haugui, naye ni dereva. Huyu huiona kona kabla haijafika, na mikono yake ndiyo inayoifanya iwe kona. Mwili wake huarifiwa mapema juu ya kila mpindo, kwa hiyo haushtukizwi. Abiria huipokea kona ile ile kama hukumu iliyokwisha kupitishwa. Barabara yao ni moja na gari lao ni moja, bali mmoja anatenda na wengine wanatendewa. Kigegezi, kwa kiasi kikubwa, ni ugonjwa wa kutendewa.

Ukweli huu hubainika zaidi ukilinganishwa na mchezo. Watoto wa Unguja hulipa ili wapande pembea za Sikukuu pale Mnazi Mmoja. Kwa wenzao walioko Ghuba, Abu Dhabi kuna kigari cha reli cha aina ya rolakosta, kilichofunguliwa mwaka 2010, ambacho hufikia mwendo wa kilomita 240 kwa saa. Huko nako watu huteremka wameshika matumbo, na hakuna anayedhulumiwa. Kwani mpandaji ameitaka hofu yake, ameinunua, na anajua kwamba itakwisha muda si muda. Anayekwenda hospitali ya rufaa Mbeya kutoka kijiji cha Momba hakuitaka kona ya Senjele. Naye amelipa nauli, lakini alichonunua ni kufika. Mwendo wa kuyumbishwa haumo katika mapatano yao, wala dereva hawezi kudai kwamba abiria aliridhia kwa kuwa alipanda. Mwenye shida hupanda kilichopo.

Mwanafalsafa wa Kirumi, Seneca, aliwahi kukatiza ghuba ya Napoli kwa mashua, akachafukwa na moyo hata akamlazimisha nahodha kuelekea pwani, na kabla chombo hakijafunga alijitosa majini na nguo zake. Katika barua ya 53 kwa rafiki yake Lucilius alitoa funzo: maradhi ya mwili kadiri yanavyozidi ndivyo yanavyohisiwa, lakini maradhi ya roho kadiri yanavyozidi ndivyo mgonjwa asivyoyatambua. Seneca alikuwa akizungumzia mtu mmoja na nafsi yake. Ndani ya basi funzo hilo hugawanyika kwa watu wawili. Maumivu yako kwa abiria, na kutoyahisi kuko kwa dereva; aliye na uwezo wa kuyapunguza ndiye hasa asiyeyaonja. Wahenga walilisema hilo kwa maneno machache: adhabu ya kaburi aijua maiti.

Hapa patatolewa hoja, nayo si dhaifu. Basi lina watu zaidi ya hamsini. Je, ni haki wote wacheleweshwe kwa ajili ya tumbo la mmoja? Hoja hii ingesimama kama nafuu ya mgonjwa ingehitaji muda mwingi. Lakini wachunguzi wamebaini kwamba mtikisiko wa haraka wa mashimo, ingawa huuma mgongo, hauchafui moyo kama kuyumba kwa taratibu, pindo moja kwa kila sekunde 5 hivi. Kuyumba huko huletwa na breki za ghafla, na kukanyaga mafuta na kuachia, na kuikata kona kwa pupa. Ni kasoro za uendeshaji zilezile zinazohofiwa Senjele kwa sababu ya ajali. Dereva anayetuliza usukani wake hawadhulumu hamsini kwa ajili ya mmoja. Anawalinda hamsini na kumsitiri mmoja kwa tendo lile lile.

Wajibu wa jirani ni wa namna nyingine. Kiti cha mbele, ambako njia huonekana na macho hupatana na sikio, kimenunuliwa na aliyewahi; hakuna sheria inayomtoa. Anayempisha mjamzito aliyekaa juu ya magurudumu ya nyuma, mahali panaporuka sana, anafanya hisani, na hisani ikilazimishwa hugeuka kuwa kitu kingine. Lakini kutocheka si hisani. Kutocheka ni deni, kwani hakumgharimu mtu chochote, na kicheko humnyang'anya mgonjwa kitu pekee ambacho barabara haikumnyang'anya, yaani staha yake.

Mgonjwa naye ana wajibu. Hana lawama kwa kutapika, ila ana lawama kwa mfuko anaoutupa dirishani pale Mlowo, ambako wachuuzi wamesimama na ndizi na mahindi yao chini ya kioo. Tangu mwaka 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara, lakini jambo hili halikungoja marufuku. Mwili ulitenda bila ya idhini. Mkono unaotupa una idhini kamili. Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya linalompata mtu na alifanyalo mtu, na hakuna kigegezi kinachoufuta.

Kutoka mpaka huo hupatikana kipimo cha kila ashikaye usukani, wa basi, wa jahazi au wa jambo jingine lolote linalobeba watu. Ukimya wa abiria si ushahidi kwamba safari ni njema, maana aliyejaa mate kinywani hawezi kusema. Wala uzima wa dereva si ushahidi, maana usukani wenyewe ndio dawa yake. Mwenye kutaka kujua jinsi anavyoendesha hana budi, walau mara moja, akae kiti cha nyuma, mwingine akiendesha.