Nukta Kwenye Namba Tano

Somo la wiki: Mwanzo 27:1–29



Kichwani mwangu nina namba za siri za simu za watu wanne, na hakuna hata mmoja kati yao aliye ndugu yangu wa damu. Sikuziomba. Zilikuja moja moja kwa miaka mingi, kila mara mtu asiyeona au asiyejua kusoma aliponinyooshea simu yake baada ya ibada na kusema, "Mchungaji, hebu nitazamie kama mwanangu ameshatuma." Huwezi kutazama salio bila kuingiza namba ya siri, na ukishaiingiza mara tatu kichwa kimeshaishika, utake usitake.

Wiki mbili zilizopita, mnada wa sadaka ukiendelea chini ya mwarobaini, bibi mmoja wa mtaa wetu aliniita pembeni. Haoni kwa miaka mingi sasa, ni vikope. Wagogo tunaujua ugonjwa huu kuliko tunavyopenda kukiri. Kwa majirani zetu Kongwa wataalamu wa macho wamekuwa wakiuchunguza tangu miaka ya 1980. Kope hugeukia ndani, zikakwaruza jicho siku baada ya siku hadi likaingia ukungu, na wanaoumia zaidi ni wanawake, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto, na watoto ndio wenye maambukizi. Bibi huyu amepofuka kwa kulea. Binti yake yuko Dar es Salaam na humtumia hela kila mwisho wa mwezi. Safari hii alipokwenda kutoa elfu ishirini, wakala alimwambia salio halitoshi.

"Kuna hela imetoka," akaniambia, "na sijui nimuulize nani, maana namba yangu mnaijua wengi."

Hakusema kwa hasira. Lakini alisema mnaijua, hakusema wanaijua.

Nilirudi nyumbani nikawahesabu. Mjukuu wake. Wakala. Jirani anayemchotea maji. Mama mmoja wa kikundi cha maombi. Na mimi. Watu watano, na bibi alikuwa na haki ya kumshuku kila mmoja wetu sawasawa, kwa sababu hakuna aliyeweza kumthibitishia chochote isipokuwa kwa maneno yake mwenyewe. Usiku ule nilifungua Mwanzo 27, nikaisoma kama sikuwahi kuisoma.

Tumezoea kuhubiri habari hii tukimtazama Yakobo na baraka yake, au Esau na machozi yake. Mzee Isaka tunamwacha kitandani. Lakini mfuateni Isaka hatua kwa hatua, mtaona mtu mwangalifu kuliko wengi wetu. Macho yake yamekwisha, ila hakukubali kirahisi. Aliuliza wewe ni nani. Akahoji imekuwaje mawindo yamepatikana upesi hivyo. Akamwita mtoto asogee ampapase. Sauti ilimtia shaka, akaitambua kuwa ya Yakobo, lakini mikono ilikuwa na malaika kama ya Esau. Akauliza tena. Akala, akabusiwa, akanusa mavazi, na harufu ya mavazi ikamaliza ubishi. Kila mlango aliokuwa nao alibisha hodi: sikio, mkono, ulimi, pua. Na bado alidanganywa, kwa sababu mavazi yale yalikuwa ya Esau kweli, na Rebeka ndiye aliyekuwa nayo ndani ya nyumba. Aliyejua udhaifu wake, chakula anachokipenda na mahali nguo zilipo ni mtu wa nyumbani mwake.

Nawasihi tuache kusema "alikuwa mjinga" kila tunaposikia mtu ametapeliwa. Nimelisikia neno hilo kwenye misiba, kwenye daladala, hata mlangoni mwa kanisa. Mzazi amepigiwa simu na mtu anayejiita mwalimu, akaambiwa mtoto amezidiwa shuleni na hospitali inataka hela sasa hivi, akatuma. Mama amepokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" siku ileile aliyokuwa anatakiwa kumlipa mtu, akatuma. Hao si wajinga. Wamenaswa kwa upendo na kwa uaminifu wao, kama Isaka alivyonaswa kwa hamu ya kumbariki mwanawe. Biblia haimlaumu Isaka popote kwa kudanganywa. Inatuonyesha akitetemeka mno alipojua. Aliyetapeliwa hutetemeka hivyo, na akichekwa siku hiyo, mara ya pili hatamwambia mtu. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilianzisha kampeni ya Sitapeliki, na iko namba 15040 ambayo unaitumia ujumbe wenye namba ya tapeli bila kumweleza jirani yeyote. Iandikeni ukutani, karibu na kalenda.

Redio zilipotangaza kwamba Rais Samia amezindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, tarehe 3 Aprili 2024, nakumbuka mzee wetu mmoja wa kanisa alivyosema: "Sisi maskini tuna taarifa gani ya kulindwa? Mimi sina cha kuficha." Wengi wakaitikia. Nami nilinyamaza, nikihisi amesema kweli. Sasa nataka kumjibu, kwa heshima yote.

Mzee wangu, huna cha kuficha, lakini unacho cha kutunza, na sehemu kubwa yake si yako. Mwanakwaya mmoja wetu alikopa kwa programu ya simu, ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Alipochelewa kulipa, ujumbe uliingia kwenye simu yangu kutoka kwa watu nisiowajua, ukisema binti huyo ni mdaiwa sugu na mimi nimwambie alipe. Namba yangu waliipata wapi? Ilikuwa kwenye simu yake, na programu ilipoomba ruhusa ya kusoma majina yote, alibonyeza kukubali. Ujumbe uleule ulimfikia mwalimu wa kwaya, mjomba wake, na fundi wake wa cherehani. Hakuja mazoezini kwa miezi miwili. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ambazo hazina leseni, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni haya ya kuvunja faragha za watu. Sikufurahi niliposoma orodha. Nilimkumbuka yule binti akikatiza nyuma ya kanisa ili asionekane na wenzake.

Na hapa lazima niseme la kwangu. Mwaka jana niliandika kwenye kundi la WhatsApp la kanisa kwamba tumwombee ndugu fulani, nikataja na ugonjwa wake. Niliamini ninafanya jambo jema. Kufika jioni habari ilikuwa Mpwapwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaihesabu afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na haisemi kwamba mchungaji anaruhusiwa kuitawanya kwa kuwa anaomba. Hata bila sheria hiyo ningepaswa kujua. Bwana wetu aliagiza mtu aingie chumbani, afunge mlango, aombe kwa Baba aliye sirini. Mimi niliufungua mlango wa chumba cha mtu mwingine. Nilimwendea, nikamwomba radhi, akanisamehe, ila ugonjwa wake hauwezi kurudi kuwa siri.

Lakini nirudi kwa bibi, maana ndiye aliyenikosesha usingizi.

Torati ina amri moja fupi, Walawi 19:14, inayokataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo njiani, halafu papo hapo inataja kumcha Mungu. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini iishie hapo. Nadhani ni kwa sababu kiziwi hasikii nani amemlaani, na kipofu haoni nani aliyeweka jiwe. Hakuna shahidi mwingine. Na vikwazo vya siku hizi si mawe peke yake. Mwaka 2019, tuliposajili laini kwa alama za vidole, niliona wazee wa hapa Chamwino wakibandika kidole mara tano, mara sita, na mashine ikikikataa. Jembe na mpini vilikuwa vimekwangua mistari yote. Isaka alipapasa mkono akaudhania wa mwanawe. Mashine ilipapasa mkono wa mkulima, ikasema haimjui. Na menyu za hela kwenye simu ya kitochi hazisemi chochote. Zinaandika tu, na ukikawia kujibu zinajifunga, kana kwamba kila mtu ana macho na haraka.

Simu janja zina msaada. Ndani ya nyingi imo programu inayotamka kila kilichoguswa kwenye kioo, hata kwa Kiswahili, na mtu akivaa hedifoni anajisomea ujumbe wake bila jirani kusikia. Sikuwa ninajua. Nimeambiwa na kijana asiyeona aliyesoma Buigiri, hapa hapa kwetu, shule ya wasioona ambayo Kanisa letu la Anglikana lilianzisha mwaka 1950. Alinieleza jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Aliponifafanulia nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa kidole, alisema watu hudhani Louis Braille, yule kijana Mfaransa aliyeziunda akiwa na miaka 15, aliwapa wasioona kusoma. "Kusoma tulikuwa tunasomewa," akasema. "Alichotupa ni kusoma peke yetu." Nukta sita tu, na barua ya asiyeona haikuhitaji tena kupitia kwanza kinywani mwa mtu mwingine.

Nilimwomba twende wote kwa bibi. Njiani nilikuwa na mpango kamili kichwani: tumbadilishie namba, tuchague mtu mmoja mwaminifu ndiye awe anaijua, wengine tuiache. Nilikuwa nimeshafikiria hata huyo mtu ni nani. Kijana akaniuliza, "Bibi mwenyewe anasemaje?" Nikakumbuka Yeriko. Bartimayo anapiga kelele, umati unamnyamazisha, na Yesu, ambaye hakuhitaji kuambiwa, anamuuliza anataka afanyiwe nini. Miaka yote hii nimembonyezea bibi simu yake, sikuwahi kumuuliza.

Tulimkuta uani anapembua uwele. Nikamuuliza. Hakufikiri hata kidogo. "Nataka niibonyeze mwenyewe."

Kijana akaomba simu, ile ya kitochi, iliyofungwa mpira ili betri isidondoke. Akaushika mkono wa bibi, akaweka kidole chake cha shahada katikati ya vitufe. "Unasikia nini hapo, bibi?" Bibi akapapasa. "Kuna kipele." Kile kipele kiko kwenye namba 5 ya simu za vitufe karibu zote. Mimi nimetumia simu hizi zaidi ya miaka 20 na sikuwahi kukigusa kwa kukijua. Nundu moja tu. Juu yake ni 2, chini ni 8, kushoto 4, kulia 6. Pembeni zimebaki 1, 3, 7 na 9, na sifuri iko chini ya nane. Bibi aliyashika yote kabla chai haijachemka. Watu waliokariri nyimbo za kuvuna na za jando bila kuandika herufi moja hawashindwi na vitufe kumi.

Kisha wakahesabu hatua za menyu kwa vidole, hii halafu hii halafu hii, kama mtu anayejifunza njia ya kwenda kisimani gizani. Mara mbili ilijifunga kabla hajamaliza. Mara ya tatu aliwahi. Bado atahitaji mtu wa kumsomea ujumbe unaorudi, nalo si jambo dogo, na nitawaomba vijana wa kanisa tujipange kwa hilo. Lakini kusoma ujumbe ni kitu kimoja, na kujua namba ya siri ni kingine kabisa.

Ilipofika mahali pa kuingiza namba mpya, bibi alisimamisha kidole juu ya ile nundu.

"Baba mchungaji," akasema, "umegeuka?"

Nilikuwa sijageuka. Nikageuka, nikatazama barabara ya Dodoma, malori yanapita, nyuma yangu nikasikia vitufe vinne vikibonyezwa polepole, kimoja kimoja, halafu kingine cha kukubali.