Mungu Anakuona. Je, na Gari Lako Likuone?



Wapendwa vijana, leo nataka tutafakari jambo ambalo huenda hujawahi kulisikia likihubiriwa: kifaa kidogo kilichofichwa ndani ya gari, kinachoandika namna dereva anavyoendesha. Usicheke kwanza. Ndani yake kuna swali la zamani kuliko magari yenyewe: mtu asiye na kosa ana haja gani ya kuwa na siri?

Kifaa chenyewe ni kipi?

Magari mengi ya kisasa yana kisanduku cheusi. Si kama kile cha ndege, ambacho hurekodi hadi sauti za marubani. Hiki cha gari kwa kawaida kimo ndani ya kompyuta ndogo inayofungua mifuko ya hewa wakati wa ajali. Gari linapotembea, kinapima, kinafuta, kinapima tena. Gari likigonga, kinahifadhi sekunde chache za mwisho: mwendo ulikuwa kiasi gani, dereva alikanyaga breki au mafuta, alifunga mkanda au hakufunga. Kanuni za Marekani za mwaka 2006 zilitaja sekunde 5 kabla ya kugonga. Hakirekodi maongezi yenu wala hakijui mlikuwa mnatoka wapi. Umoja wa Ulaya umekifanya kuwa lazima kwa kila gari dogo jipya tangu Julai 2024.

Kipo na kifaa cha aina ya pili. Hiki hakisubiri ajali. Kinatuma taarifa kwa mtandao gari likiwa barabarani: lilipo, spidi yake, breki za ghafla. Hapa kwetu Tanzania, ukipanda basi la mkoani umeshaingia katika mfumo wa namna hiyo. LATRA inataka mabasi hayo yafungwe VTS, yaani mfumo wa kufuatilia mwenendo wa gari, na dereva akivuka kilomita 80 kwa saa anaonekana.

Naomba tuvitofautishe vifaa hivi viwili. Kimoja kinakumbuka sekunde chache za ajali. Kingine kinaweza kukumbuka siku yako nzima, na kesho, na keshokutwa.

"Kama huna kosa, unaogopa nini?"

Nina mjomba wangu dereva wa basi. Nilimuuliza anaionaje VTS. Akanijibu, "Frateri, hicho kidude kimetuokoa. Zamani bosi anakupigia simu, umechelewa, kanyaga! Siku hizi namwambia, bosi, ingia mwenyewe kwenye mfumo uone, nikikanyaga nakamatwa." Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza, "Ila sipendi mtu ajue hadi nimesimama wapi kula, na nimekaa dakika ngapi."

Ukichunguza vizuri, mjomba hajajipinga. Amesema mambo mawili, na yote mawili ni kweli. Tuanze na la kwanza.

Plato, katika kitabu cha pili cha *Jamhuri*, anasimulia habari za mchungaji Gyges aliyepata pete ya ajabu. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Kwa pete hiyo akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akatwaa ufalme. Swali la Plato ni hili: mtu mwadilifu angebaki mwadilifu kama hakuna anayemwona?

Kifaa cha gari ni pete ya Gyges iliyogeuzwa. Gyges hakuonekana kabisa. Dereva wa leo anaonekana muda wote. Lakini swali linabaki lilelile. Dereva anayepunguza mwendo kwa sababu tu ya VTS, siku mfumo ukizima atafanya nini? Fadhila ni mazoea ya kutenda mema kwa kuyapenda, na hayo hayafungwi kwa spana chini ya dashibodi.

Hata hivyo, tusiwe wanafalsafa wa kukaa mawinguni. Abiria 50 waliofika salama kwa sababu dereva aliogopa faini, wamefika salama kweli. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba sheria huanza kwa kumzuia mtu kwa hofu, ili awaache wengine wakae kwa amani, na pole pole mazoea hayo yanaweza kumfikisha kutenda mema kwa hiari. Kwa hiyo mimi sikipingi kifaa. Barabara ni mahali pa watu wote, na uhai wa wengine si jambo langu binafsi.

Kuona kwa Mungu na kuona kwa mashine

Sasa tuje kwenye dukuduku la pili la mjomba. Kuna vijana wenzangu Wakatoliki wanaosema, "Kwani Mungu si anaona kila kitu? Basi Mkristo hana haja ya siri." Hoja hii inasikika ya kiimani, lakini ina shimo.

Katekisimu inatufundisha kwamba uadilifu wa tendo unapimwa kwa mambo matatu: kilichotendwa, nia ya mtendaji, na mazingira. Mashine inashika kipande tu cha hayo. Chukua breki ya ghafla. Dereva wa kwanza alikuwa anachati, akashtuka amelifikia lori. Wa pili mtoto alikimbilia mpira barabarani, naye akamwokoa. Kwenye mfumo wote wawili wameandikiwa kitu kimoja: breki ya ghafla, mara 1. Mwenye uzembe na aliyeokoa maisha wamepata alama sawa.

Si mfano wa kubuni tu. Januari 2025, tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji, FTC, ilitangaza hatua dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors na huduma yake ya OnStar. Madai yalikuwa kwamba taarifa za mahali gari lilipo, nyingine zikichukuliwa hata kila baada ya sekunde 3, pamoja na breki za ghafla, mwendo kasi na kuendesha usiku wa manane, zilikusanywa na kuuzwa bila wateja kuelezwa waziwazi na kuridhia. Wanunuzi walitengeneza ripoti, na kampuni za bima zikazitumia kupanga bei au kumkatalia mtu bima. Katika makubaliano yaliyotangazwa, kampuni ilizuiwa kwa miaka 5 kutoa taarifa hizo kwa watengeneza ripoti za namna hiyo.

Hebu mfikirie muuguzi anayetoka zamu saa nane usiku. Kwa mashine huyo ni "dereva wa usiku wa manane", yaani hatari. Mungu anamjua kwamba ametoka kushika mkono wa mgonjwa.

Hajiri, mjakazi aliyekimbilia jangwani, alimwita Mungu kuwa ni Mungu anayeona. Alifarijika kuonekana, kwa sababu aliyemwona alimwona pamoja na machozi yake, na akamtafutia njia ya kuishi. Mungu anatuona ili atuokoe. Anayekuona ili auze alichokiona, huyo hana haki ya kujifananisha na Mungu.

Tena tazama Kanisa lenyewe. Hakuna anayeamini kuliko sisi kwamba Mungu anajua yote. Lakini ni sisi haohao tunaolinda siri ya kitubio bila ubaguzi wowote: padre hawezi kumfichua mwungamaji kwa neno wala kwa namna yoyote, kwa sababu yoyote ile. Katekisimu inaongeza kwamba kufichua makosa ya mwenzako bila sababu ya haki ni dhambi, hata kama unachosema ni kweli. Kwa hiyo kutoka "Mungu anajua yote" hatuwezi kuruka hadi "basi kila mtu ajue yote".

Lakini siri nayo ina mpaka

Hapa tusijidanganye. Mtembea kwa miguu aliyegongwa akafa hawezi kusimama mahakamani kusema, "Nilikuwa kwenye kivuko." Dereva anaweza kusema alikuwa kwenye 50. Kama kisanduku kinasema 95, kisanduku hicho ndicho sauti iliyobaki ya marehemu. Kukificha au kukiharibu ni kushuhudia uongo, na amri ya nane inatuhusu wote. Siri ya kitubio ni ya sakramenti; siri ya gari haifiki huko.

Marekani walijaribu kuweka mizani kwa sheria ya mwaka 2015: taarifa za kisanduku ni mali ya mwenye gari au aliyelikodi, na mtu mwingine hazichukui bila ridhaa yake au amri ya mahakama, isipokuwa kwa mambo machache kama dharura ya matibabu. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Msingi wake mmojawapo ni rahisi kueleweka: taarifa iliyochukuliwa kwa kazi fulani isigeuzwe kwa kazi nyingine kinyemela.

Bado kuna swali moja linanisumbua. Mjomba wangu si mwenye basi. Ukisema taarifa ni mali ya mwenye gari, umemlinda bosi, hujamlinda anayeshika usukani. Tangu *Rerum Novarum* ya mwaka 1891 Kanisa linafundisha kwamba mfanyakazi si chombo cha kutafutia faida. Bosi ana haki ya kujua spidi, kwa sababu ya abiria. Hana haki ya kugeuza kila dakika ya mapumziko kuwa shtaka.

Tufanye nini sisi vijana?

Wewe unayeendesha, iwe gari au bodaboda: endesha kama mtu anayependa watu walio barabarani, mfumo uwake au uzime. Ukinunua gari, uliza linarekodi nini na linamtumia nani.

Wewe utakayekuwa bosi: waambie madereva wako waziwazi unaona nini, na kabla ya kumkata mtu mshahara kwa sababu ya namba, mwite kwanza umuulize, "Ilikuwaje?" Swali hilo dogo ndilo linalorudisha nia na mazingira ambavyo mashine haikuviona.

Na wewe unayesomea kompyuta au bima: ukiletewa taarifa za watu, jiulize kama wangekubali wakijua. Kama jibu ni hapana, tafadhali, usiziguse.

Tusali: Ee Bwana, wewe unayetuona tukiwa njiani, tujalie tuendeshe kwa upendo hata pasipo na wa kutuangalia. Uwalinde madereva na abiria wote. Utufundishe kusema kweli inapodaiwa na haki, na kunyamaza inapodaiwa na upendo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Kristofa, utuombee.